Mguu wa Mgema Tumboni mwa Waziri

Mwenye masikio na asogee, na mwenye cheo asinune, maana hii si habari ya hapa. Ni habari ya kwetu, Jamhuri ya Tutafika, nchi ambayo hamtaiona kwenye ramani kwa sababu Wizara ya Ramani bado iko kwenye mchakato. Mimi ni mpiga makofi wa serikali, daraja la pili, kata ya Mikwajuni. Kazi yangu ni kuanza. Mheshimiwa akinyamaza kuvuta pumzi, mimi naanza, wengine wanafuata. Kwa hiyo msije mkasema nina kinyongo na wakubwa. Viganja vyangu hivi vina sugu za uzalendo.

Basi Mikwajuni tunaye mganga wa mifupa, Bibi Sinahila binti Mwinchande. Hapigi ramli, hatoi majini, hakutafutii mchumba. Ukivunjika anakuunga, basi. Utaratibu wake aliupokea kwa bibi yake, naye bibi yake kwa bibi yake, na kila mtu anaujua. Aliyevunjika huja na kuku. Bibi akishaunyoosha mguu wa mtu na kuufunga kwa vibanzi vya mwanzi, humchukua yule kuku, humvunja mguu wa upande uleule, humpaka dawa ileile, humfunga vilevile. Hapo mtu na kuku wake wanakaa kusubiri. Siku kuku atakapokanyaga chini na kutembea kutoka bandani mpaka kwenye mtungi wa maji, vibanzi vya mtu hufunguliwa, naye akatembea. Kuku hawajawahi kuulizwa maoni yao juu ya jambo hili, lakini kwetu hilo haliwatofautishi na raia wengine.

Na kuku huyo haliwi. Hurudi nyumbani na mwenyewe, akafugwa mpaka afe kwa uzee. Anayemla kuku wa mgonjwa, wanasema watu wa kwetu, amemeza mguu wa mwenzake.

Malipo Bibi hana. Mtu akipona huleta alichojaliwa, chumvi, mkeka, mkungu wa ndizi. Wengine huleta asante tupu, na Bibi huipokea kwa mikono miwili vilevile.

Mwaka huo akavunjika Ngulangwa, mgema wetu. Alivunjika kwa uraia mwema. Sheria ya Tutafika inasema wimbo wa taifa ukiimbwa kila mtu asimame wima, mikono ubavuni, popote alipo. Ngulangwa alikuwa juu ya mnazi na kibuyu chake, na chini pale watoto wa shule wakaanza kuufanyia mazoezi. Akaiheshimu nchi yake. Aliposhuka, walishuka wote kwa pamoja, yeye na kibuyu na tembo.

Wakamleta kwa Bibi juu ya kitanda cha kamba, mkewe Somoe akifuata nyuma na kuku jike wa madoadoa kwapani. Mguu ukanyooshwa, ukafungwa. Kuku naye akafungwa. Bibi hakuwa na kitambaa cha kutosha, akachana kipande cha fulana ya uchaguzi uliopita, ile ya rangi za chama, akamfungia nacho kuku mguu. Mwenye shamba la minazi akaja kutoa pole, na kwenye pole yake akaweka neno: mvua zikianza kabla Ngulangwa hajarudi juu, minazi atapewa mgema mwingine. "Minazi haijui kuuguza," alisema. Somoe akamsikia. Watoto wake walikuwa wanakula kwa minazi ile na si kwa kitu kingine.

Mambo yangeishia hapo, mguu upone, hadithi isiwepo. Lakini Mtendaji wa kata, Bwana Lugome, alikuwa amepata taarifa.

"Bibi," alisema, amesimama mlangoni na kofia yake, "tumesikia kwamba unasaidia watu."

"Ni kweli, mwanangu. Karibu ndani."

"Kwa kibali cha nani?"

"Cha hao waliovunjika."

Lugome akatikisa kichwa kwa masikitiko. Akamweleza Bibi taratibu, kama mtu anavyomweleza mtoto habari ya moto. Kuuza dawa, serikali haina neno, hiyo ni biashara. Kuiba dawa hospitalini, hilo ni kosa lakini linaeleweka. Ila kumtibu mtu bure, bila bango, bila mhuri, bila mwenyekiti? Mtu anayetoa bure anatafuta nini? Na kama hatafuti kitu, basi huyo ndiye wa kuogopwa zaidi. Akampa maagizo: Bibi aanzishe shirika la hisani lililosajiliwa, la sivyo wagonjwa wote watatolewa uani, na vibanzi vyao.

"Mwanangu, mguu wa Ngulangwa haujashika. Ukimtoa leo utapinda."

"Ndiyo maana nakwambia uwahi mjini, Bibi yangu."

Tukaenda mjini, Bibi na mimi. Mimi nilitumwa ili msafara uwe na mtu wa serikali. Msajili wa Hisani, Bwana Mahimbo, alikuwa mtu mpole mwenye meza kubwa kuliko chumba.

"Jina la shirika?"

"Halina, baba. Watu husema tu twende kwa Bibi."

"Haliwezi kuitwa Twende kwa Bibi." Akafikiri, akaliita Taasisi Shirikishi ya Uwezeshaji wa Miguu. Bibi akauliza kama mikono imo. Akaambiwa mikono itaingia awamu ya pili.

"Walengwa wako ni nani?"

"Waliovunjika."

"Na uendelevu? Ukishawaponya hao wote, shirika litafanya nini?"

"Nitapumzika."

Bwana Mahimbo akaweka kalamu chini. Alimtazama Bibi kwa huruma ya kweli, nilimwona. "Bibi yangu, sikiliza. Tangu nikae kwenye kiti hiki sijasajili shirika lenye nia ya kumaliza kazi. Shirika linaloponya linajiua lenyewe. Huwezi kuwaponya nusunusu?"

"Mguu ulioponywa nusu ndio upi, mwanangu?"

"Ule unaohitaji semina."

Nilimwona anasokota ncha ya kanga yake, na mimi namjua, akisokota kanga ujue anahesabu hasira asizipoteze. Msajili akaendelea. Akauliza habari za kuku, maana alikuwa amewasikia. Bibi akamwambia hao ni wenzao wa wagonjwa, wanauguzwa pamoja. Bwana Mahimbo akafurahi sana, akasema kumbe mmeshafika mbali, hao kitaalamu ni wadau. Kwa mujibu wa kanuni, wadau wote sharti washirikishwe siku ya uzinduzi. Na bila uzinduzi wenye mgeni rasmi, usajili ni batili.

Mgeni rasmi akapatikana: Waziri wa Hisani, Huruma na Mambo Mengineyo, Mheshimiwa Dokta Kinyasi. Udokta wake alipewa na chuo kimoja cha ng'ambo alipokwenda huko kununua zulia.

Mikwajuni ikapambwa. Mawe yakapakwa chokaa, mashina ya miti yakapakwa chokaa, mbuzi mmoja aliyesimama vibaya naye akapakwa chokaa. Wagonjwa Lugome aliwahamishia nyuma ya zizi, kwa sababu watu waliovunjika wanaharibu mandhari. Kwenye mikeka yao wakalazwa vijana wa chama, wazima, wenye bandeji mpya nyeupe, na wakaagizwa wagune kwa nidhamu.

Hapa niwaeleze jambo moja, mgeni wa kwetu asije akapotea. Kwetu Tutafika, waziri hakanyagi chini. Gari humfikisha kwenye zulia, zulia humfikisha kwenye kiti, na kiti hugeuzwa aone anachotakiwa kuona. Nimewapigia makofi mawaziri wengi mno, na sijawahi kuona kiatu chenye vumbi.

Mheshimiwa akahutubia. "Ndugu wananchi, kuvunjika ni fursa. Zamani za wakoloni mlikuwa mnavunjika kiholela. Leo mnavunjika chini ya serikali sikivu, yenye dira. Kila mwananchi ana mifupa, na serikali yenu inautambua kila mfupa kwa nafasi yake." Akavuta pumzi. Nikaanza. "Kuanzia sasa makao makuu ya taasisi hii yatakuwa mjini, karibu na uwanja wa ndege, ili huduma isogee kwa wafadhili. Mke wangu amekubali kwa unyenyekevu kuwa mwenyekiti." Akavuta pumzi tena. Nikaanza tena. Bibi Sinahila, aliyewekwa meza kuu kwenye kiti cha pembeni, alipewa cheo cha Mwasisi Mstaafu, akavishwa shada la maua ya karatasi.

Wakati huohuo Lugome alikuwa na shida yake jikoni. Ratiba ilisema mgeni rasmi atakula kuku wa kienyeji. Lakini kuku wa Mikwajuni wana uzoefu na wageni rasmi. Ving'ora vilipolia tu, walikuwa wamepotea, wengine juu ya paa, wengine makaburini. Lugome akahangaika ua mzima, jasho linamtoka, mpaka akafunua tenga moja nyuma ya nyumba. Kuku jike wa madoadoa, ametulia tuli, hakimbii, mguu umefungwa kitambaa cha rangi za chama. Lugome aliniambia baadaye, na machozi yakimlenga, kwamba alidhani ni kuku wa itifaki. Alidhani amepambwa.

Akamchinja kwa mkono wake mwenyewe, kwa heshima.

Aliyegundua alikuwa Somoe. Alipita jikoni kuomba maji ya mgonjwa, akakiona kitambaa kando ya mafiga. Aliketi chini pale pale kwenye majivu, akakishika mkononi, na wapishi wakamruka wakiendelea na kazi. Bibi akaitwa jikoni, na aliporudi meza kuu alikuta Mheshimiwa anafyonza mfupa wa mwisho.

"Mwanangu," Bibi akamwambia, "umemla kuku wa Ngulangwa."

"Amenoga sana, mama. Mwambie Ngulangwa namshukuru."

"Huelewi. Huyu alikuwa mgonjwa. Alikuwa atembee ndipo mwenzake atembee. Sasa mguu wa mtu uko tumboni mwako."

Mheshimiwa akacheka, na mezani wote wakacheka kwa kufuata ngazi za vyeo. Akasema serikali haiamini ushirikina. Kisha nikamwona anautazama ule mfupa, anauweka sahanini polepole, anaufunika kwa kitambaa cha kufutia mikono. Sisemi kitu. Nchi nzima inajua milango ya waganga inayoegeshewa magari yenye pazia kila uchaguzi ukikaribia. Mimi nasema tu kwamba aliufunika.

Kesho yake likaja lori kutoka wizarani na Kuku Mbadala, mweupe, wa kizungu, aliyekulia kwenye taa. Ngulangwa akamtazama kutoka kitandani.

"Huyu hatukuvunjika naye," alisema, akageukia ukutani.

Muda ukapita. Bibi akaupapasa mguu wa Ngulangwa, akabonyeza hapa na pale, akaridhika. "Umeshika. Simama, mume wangu." Alimwita hivyo kwa utani, kama bibi anavyomwita mjukuu.

"Kuku wangu hajakanyaga."

"Kuku wako kaliwa, Ngulangwa."

"Basi aliyemla akanyage."

Tukambembeleza wote. Hakuwa anadeka, nataka muelewe. Alishusha mguu mara moja, Somoe amemshika kiunoni, na ulipogusa udongo alitetemeka mwili mzima akaurudisha juu. Bibi akatoka nje, akakaa barazani nilipokuwa.

"Mguu nimeuunga mimi," alisema. "Moyo wake ndio uko tumboni mwa yule bwana. Na huko mkono wangu haufiki. Akizidi kulala, goti litakauka, na goti likikauka hata mimi siliwezi."

Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa milimani. Mgema kutoka kijiji cha pili alionekana akizunguka shambani, anaipigapiga minazi kwa kiganja kama anunuaye tikitimaji. Somoe akanikuta njiani na ndoo kichwani.

"Shemeji," aliniuliza, "hayo makofi yako, yanaweza kumsimamisha mtu?"

Niliona aibu, nikaenda zangu nyumbani kwa njia ya nyuma.

Kijiji kikakubaliana kumwomba Mheshimiwa aje atembee kidogo tu, kutoka banda la kuku mpaka mtungi wa maji. Ombi likapanda ngazi zote za serikali na jibu likashuka ngazi zote. Jibu lilisema Waziri hana tatizo na kutembea, ila tendo hilo halimo kwenye bajeti. Hata hivyo, kwa kuwa serikali ni sikivu, yataandaliwa Matembezi ya Hisani ya kitaifa, kutoka barabara kuu mpaka kwa Bibi, yakiongozwa na Mheshimiwa mwenyewe.

Ngulangwa aliposikia, alikaa kitako kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Akaomba anyolewe ndevu.

Siku ikafika. Bendi ya polisi ikaja, fulana zikagawiwa, watumishi wa kata zote wakaamriwa kutembea kwa hiari. Tukampeleka Ngulangwa uani na kitanda chake, tukamweka karibu na mtungi aone vizuri. Tukasikia matarumbeta. Wakatokea watumishi, wamelowa jasho, viatu mkononi. Wakatokea wakuu wa idara, wanachechemea. Na nyuma yao, polepole, likatokea gari jeusi, kioo kimeshushwa kidogo, na mkono mmoja unapunga.

"Mbona yumo ndani?" Somoe akauliza.

"Anaongoza matembezi," Lugome akamjibu. "Kuongoza matembezi si kutembea."

Ngulangwa alijilaza tena taratibu, akavuta shuka mpaka kifuani.

Gari likaingia uani, likasimama kando ya banda la kuku. Mlango haukufunguliwa kwa sababu ilikuwa saa saba kamili, na redio ya gari ilikuwa inasoma taarifa ya habari. Kwetu hakuna anayegusa mlango wakati wa taarifa ya habari. Tukasikia wote: Mheshimiwa Rais amefanya mabadiliko madogo katika Baraza la Mawaziri. Majina yakasomwa. Halafu yakasomwa ya wale watakaopangiwa kazi nyingine.

Dereva, mzee mmoja mtaratibu aitwaye Tumbwene, alisikiliza mpaka mwisho. Akashuka. Akachomoa bendera kwenye gari, akaikunja vizuri, akaiweka mfukoni. Akaenda akafungua mlango wa nyuma.

"Mzee, nakuomba ushuke. Waziri ananisubiri mjini."

"Waziri ni mimi, Tumbwene."

"Ulikuwa, mzee wangu. Pole sana."

Alishuka. Gari likarudi kinyumenyume, likageuka, likaenda zake, na wakuu wa idara wakalifuata mbio, hata waliokuwa wanachechemea. Bendi ikaondoka ikiwa katikati ya wimbo. Aliyeshushwa alitazama chini kutafuta zulia, lakini zulia Lugome alikuwa ameshaliviringisha, yuko nalo begani. Jua lilikuwa kali. Bwana Kinyasi akasimama peke yake kando ya banda, viatu vyake vinang'aa, midomo imekauka.

"Naomba maji," alisema.

"Maji yale kule, mwanangu, mtungini," Bibi akamjibu.

"Niletewe."

"Waliokuwa wakikuletea wamekwenda na gari."

Ua mzima ukamkodolea macho. Hata watoto walijua kinachosubiriwa. Bwana Kinyasi akanyanyua mguu mmoja, akauning'iniza hewani, akageuza shingo huku na huku, akautua. Akanyanyua wa pili. Wallahi, alikuwa kuku mtupu. Vumbi likapanda kwenye viatu, likapanda kwenye upindo wa suruali. Njiani aliyumba kidogo, na watu wote tukavuta pumzi, Ngulangwa akajiinua kwa viwiko. Akajiweka sawa, akaendelea. Akafika. Akainama, akachota kwa kata, akanywa.

Bibi hakungoja ameze. Kisu kilikuwa kwenye kamba za vibanzi tayari. Ngulangwa akashusha miguu yote miwili, akasimama, akamwachia Somoe mkono. Akaenda mpaka kwenye banda na kurudi, taratibu, uso umekunjamana kwa maumivu na kicheko vilivyochanganyika. Somoe alilia waziwazi, kamasi na machozi, na hakujifuta. Mimi nilipiga makofi bila kutumwa, nikagundua mtu akipiga kwa furaha yake viganja havimuumi.

Matone ya kwanza ya mvua yakaanza. Ngulangwa akautazama mnazi wake, akatafuta kibuyu chake awahi juu kabla mvua hazijakolea. Ndipo akamwona Bwana Kinyasi bado amesimama pale mtungini na kata mkononi.

"Ndugu yangu," Bwana Kinyasi akamwuliza, "kutoka hapa mpaka mjini ni mbali?"

"Kwa miguu si mbali sana, mheshimiwa. Barabara tu ndiyo mbovu."

"Barabara si ilikwisha kutengenezwa? Nilizindua mimi."

"Tulisikia redioni," Ngulangwa akasema bila kinyongo. Akachukua fimbo aliyokuwa ameandaliwa kujifunzia kutembea, akampa. "Chukua hii. Ukifika kwenye daraja, hakuna daraja. Shuka upande wa kushoto."

Alikwenda. Tulimtazama mpaka akapotea kwenye mvua, na Bibi akasema maskini, angengoja chakula.

Waziri mpya alikuja kuizindua upya ile taasisi. Alikula wali kwa mchuzi wa maharage, akasifu sana maharage. Siku hizi mawaziri wote wa Tutafika wakifika vijijini hawagusi kuku, wanasema ni ushauri wa daktari. Nanyi mkipita kwetu mkamkuta mheshimiwa anatembea kwa miguu barabarani, vumbi mpaka magotini, msimcheke wala msimwonee huruma. Muulizeni kwanza alikula nini cha watu.